Kiasi cha Bunduki na Pete ya Kupimia

Asubuhi moja pale Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, saa ambayo wavuvi walikuwa wamekwisha kuzima taa zao na kupandisha vyombo mchangani, na akina mama wameanza kuanika dagaa, alinijia mzee mmoja wa vilimani, mkulima wa michikichi na mihogo, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na leseni ya bunduki ya marisau kwa ajili ya kuwafukuza nyani na nguruwe mwitu shambani mwake. Bunduki aliiacha nyumbani chini ya kufuli, kama ipasavyo, lakini alikuja na mkebe wa maziwa ya unga uliofunikwa kwa kitambaa, na ndani yake mlikuwa na viasi 22.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe hushindana kulenga shabaha huko nchi za watu. Hebu nitazamie hivi. Juzi kimoja kilikataa kuingia, na kingine kiliingia kikakataa kutoka."

Kwa maneno hayo machache mzee alikuwa ameitaja elimu nzima ambayo mshindani wa shabaha huitumia mezani pake usiku wa kuamkia mashindano, kwa maana jambo linalomtia mkulima hasarani mbele ya nguruwe ndilo lilo hilo linalomwangusha bingwa mbele ya mwamuzi, nalo ni ganda la risasi ambalo limepotewa na kipimo chake.

Wazee wa mwambao waliita risasi kamili ya bunduki, yenye ganda, fataki, baruti, kizibo na marisau yake, kwa jina la kiasi, na mimi nalipenda jina hilo kuliko mengine yote yaliyokuja baadaye, kwa kuwa linamkumbusha mtu kila alitamkapo kwamba kitu alichokishika mkononi ni kadiri iliyopimwa. Zamani za gumegume, mwenye bunduki alimimina baruti mdomoni mwa kasiba, akashindilia, akatia risasi, akashindilia tena, na kipimo kilikuwa jicho lake na mazoea yake. Zama hizo zilidumu pande hizi za Ziwa Tanganyika kuliko pengine, wala si kwa uzembe wa watu, bali kwa sababu mataifa yaliyokutana Brussels mwaka 1890 yalikatazana kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaruhusu gumegume na baruti ya kawaida; ndiyo maana magobori yakaendelea kushindiliwa huku wakati ambapo Ulaya bunduki zilikuwa zimekwisha kufanywa zifunguke nyuma na kutiwa kiasi kilichofungwa tayari. Gobori halina haja ya ganda, kwa hiyo halijui taabu ya ganda kuvimba. Bunduki inayofunguka nyuma, kinyume chake, ina chumba chake maalumu, ambacho mafundi hukiita chemba, kilichochongwa kwa umbo la kiasi; na tangu siku binadamu alipochonga chemba, akajitwika wajibu wa kuhakikisha kwamba kila kitakachoingia humo kinaafikiana nayo.

Namba ya bunduki yenyewe hupotosha wengi. Bunduki ya namba 12 imepata jina hilo kwa hesabu ya kale ya ratili: chukua ratili moja ya risasi safi, igawe sawasawa katika tufe 12, na upana wa tufe moja ndio upana wa kasiba, yaani milimita 18.5. Ukiigawa ratili hiyo katika tufe 20, kila tufe litakuwa dogo zaidi, nayo kasiba ya namba 20 ina upana wa milimita 15.6 tu. Basi namba ikipanda, tundu linapungua, na asiyelijua hilo hudhani kinyume. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu, nilipoupindua mkebe wa mzee juu ya mkeka, katikati ya viasi vyekundu vya namba 12 nilikiona kimoja cha manjano, na moyo ukanishtuka.

Manjano ndiyo rangi ambayo watengenezaji wameiweka kwa viasi vya namba 20, na haikuwekwa kwa urembo. Kiasi cha namba 20 kikitiwa katika bunduki ya namba 12 hakidondoki nje wala hakikai mahali pake, bali huteleza mbele ya chemba, kikakwama pale kasiba inapoanza kuwa nyembamba, mahali ambapo jicho la mwenye haraka halikioni. Naye huvuta kifyatuo, asisikie kitu, akafungua, akaona chemba tupu, akatia kiasi cha namba 12 nyuma yake, akafyatua tena. Hapo kasiba hupasuka karibu na mkono unaoishika. Nilikitia kile cha manjano katika mfuko wa shati langu kabla sijasema neno lolote, kisha ndipo nikamweleza mzee, naye akakaa kimya kitambo, akasema alipewa na rafiki yake kwa wema.

Sasa na tulitazame ganda lenyewe. Lina kitako cha madini chenye ukingo mwembamba ambao kulabu ya bunduki huukamata ili kulitoa. Katikati ya kitako mna fataki. Juu yake limesimama bomba la plastiki, au la karatasi kwa yale ya zamani, ambalo kinywa chake kimekunjwa kuyafungia marisau. Baruti inapowaka, hewa moto husukuma pande zote, na kitako, ambacho katika namba 12 kina upana wa kadiri ya milimita 20 na nusu na kiliingia chemba kwa nafasi ndogo tu, huvimba hadi kuzigusa kuta za chemba. Hilo si kosa. Laiti kisingevimba, hewa moto ingevuja nyuma kuelekea usoni mwa mpigaji. Baada ya nukta hiyo kitako hutakiwa kusinyaa kidogo ili kitoke. Shaba halisi husinyaa vizuri. Vitako vya bei nafuu, ingawa vinang'aa kama shaba, aghalabu ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na chuma hakina unyumbufu huo, kwa hiyo hubaki kimevimba zaidi. Mwenye kutaka kujua amechukua kipi na aguse kitako kwa kipande cha sumaku. Kikinata, ni chuma.

Matokeo yake ni kwamba ganda lililokwisha kupigwa huchukua umbo la chemba iliyolipiga, wala halilisahau. Likipigwa katika bunduki yenye chemba pana, kisha likajazwa tena na kutiwa katika bunduki yenye chemba finyu, litakataa. Na hapo ndipo ilipo haja ya kulikaza, yaani kulirejesha katika kipimo chake cha asili. Hukazwa kwa kusukumwa kitako chake ndani ya pete nene ya chuma kigumu, au kwa kubanwa na vidole vya chuma vinavyolizunguka pande zote kama mkono unavyobana limau. Hubanwa kitako peke yake, kwa kuwa bomba la plastiki lina ulaini wake na hujirekebisha. Lakini, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya, chuma kilichobanwa hurudi nyuma kidogo kikiachiwa. Kwa hiyo kukaza peke yake si dhamana, na ganda halina budi kupimwa baada ya kukazwa.

Kupima hufanyika kwa pete, nayo ni kipande cha chuma kilichotobolewa tundu la ukubwa wa chemba finyu kuliko zote zinazokubaliwa. Kiasi huachiwa kiteremke ndani yake kwa uzito wake chenyewe, hadi ukingo ulale sawasawa juu ya uso wa pete, kisha kipinduliwe kianguke. Kikihitaji kusukumwa kwa kidole gumba, kitengwe. Ukipitisha ncha ya kidole juu ya kitako usisikie fataki imechomoza, hilo nalo limekwisha. Ukiisikia imechomoza hata kwa unene wa ukucha, kiasi hicho usikitie katika bunduki, kwa kuwa kufunga bunduki tu kwaweza kuigonga.

Nami nina sababu ya kulisisitiza hili. Katika mashindano fulani nchi za jirani, ya aina ile ambayo mtu hukimbia na bunduki inayojipakia yenyewe huku saa ikimhesabia, nilikwenda na maganda niliyoyakaza mwenyewe, ambayo nusu yake yalikuwa yamepigwa katika bunduki ya mwenzangu. Niliyakaza yote, nikapima kama kumi hivi, nikaridhika. Kiasi cha tatu kikaingia nusu, kikakwama, na kulabu ikaumega ukingo nilipokivuta. Katika mchezo huo hakuna wa kumlilia, maana saa haisimami kwa ajili ya ganda bovu, na nilipoteza sekunde 11 nikiwa nimepiga goti mchangani. Katika mchezo wa kupiga risasi visahani vinavyorushwa hewani, unaochezwa Olimpiki, mambo ni ya upole zaidi: bunduki ikikataa, mpigaji huielekeza mbele, hafungui, hagusi kitu, humngoja mwamuzi aje aamue. Lakini mtu mwenye visahani 125 vya mchujo mbele yake, katika duru za 25, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 110 tu na kikiruka kwa mwendo wa gari la barabara kuu, akishavunjiwa utulivu mara moja huupata tena kwa shida. Bunduki ya namba 12 ndiyo kubwa kuliko zote anayoruhusiwa, na marisau yake hayapiti gramu 24.5, kwa hiyo hana ziada ya kufidia uzembe.

Tulirudi kwenye mkeka. Pete yangu ilikuwa mfukoni, na mzee mwenyewe akataka aishike. Katika vile 21 vya namba 12, vitatu vilikuwa vya karatasi, vya miaka mingi, na hivyo havikufika hata nusu ya pete, kwani karatasi hunywa unyevu wa ziwa kama mkate unavyokunywa chai, ikavimba. Ni sababu hiyohiyo iliyowafanya wawindaji wa nchi za joto zamani wapendelee maganda ya shaba tupu, mpaka plastiki ilipoenea kuanzia miaka ya 1960. Kimoja kilikuwa na kutu iliyotoboa chini ya ukingo. Kingine fataki yake ilichomoza. Kumi na sita vikateremka katika pete kwa sauti ndogo safi, tik, na mzee akaanza kutabasamu kwa kila kimoja.

"Kumbe kuingia si kuenea," akasema.

Nikamwambia kuna hatari nyingine ambayo hata pete haiioni. Urefu unaoandikwa ubavuni mwa kiasi, milimita 70 au 76, ni urefu wa ganda likiwa limekunjuka baada ya kupigwa. Kiasi cha 76 kikiwa bado kimekunjwa huingia vizuri katika chemba ya 70, bunduki hufunga, na mtu huona mambo sawa; lakini kinapopigwa, mkunjo hauna mahali pa kufungukia, huingia katika njia ya marisau na kuibana, na nguvu ndani ya kasiba hupanda kupita kadiri. Kwa hiyo ubavu wa kasiba na usomwe kwanza, kisha ubavu wa kiasi. Vivyo hivyo mlio ukiwa hafifu, mfano wa mtu aliyepuliza, bunduki ifunguliwe na kasiba ichunguliwe toka nyuma kabla ya kutia kiasi kingine, maana huenda kizibo kimebaki katikati.

Wala ustadi wa mtu haumwondolei hadhari. Speke, mpelelezi wa Kiingereza aliyefika Ujiji pamoja na mwenzake Burton mwaka 1858, kando ya maji haya tuyaonayo, na aliyezoea bunduki tangu ujana wake, alikufa tarehe 15 Septemba 1864 kwao Uingereza kwa bunduki yake mwenyewe ya marisau, alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe katika mawindo.

Mzee akauliza kama ningeweza kuvikaza vile vitatu vya karatasi. Hasha. Ganda hukazwa likiwa tupu. Lenye baruti na fataki hai halilazimishwi katika kitu chochote, na hapa kwetu, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza risasi si kazi ya nyumbani ya asiye na kibali. Wala visitupwe ziwani, wala visichomwe pamoja na takataka, wala visizikwe shambani ambako mjukuu atakuja kuvichimbua kwa jembe.

Akavirudisha vile 16 katika mkebe, safari hii juu ya kitambaa kikavu, akaahidi kuuhamisha kutoka dirisha linaloelekea ziwani. Vile vitano, pamoja na kile cha manjano nilichokitoa mfukoni, tukavifunga peke yake katika bahasha, tukaandika juu yake idadi, tukaongozana kwenda kuvikabidhi polisi.