ABC anazijua, kudaka mpira hawezi!

HIVI msomaji wangu, huyo mdogo wako au mwanao wa miaka mitano anaweza kuruka kwa mguu mmoja mara tano mfululizo bila kuanguka? Usinijibu haraka. Mtoe nje umjaribu kwanza.

Nauliza kwa sababu mjini tunashindana kwa mengine. Dogo wa chekechea akitaja ABC mpaka mwisho mbele ya wageni, mama anavimba kichwa, mtaa mzima utajua. Sasa mrushie mpira. Anafumba macho, anakumbatia hewa, mpira uko chini. Watu wanacheka, yamekwisha.

Mimi sicheki. Wengi tunadhani kukimbia, kuruka, kurusha na kudaka ni vitu vinavyokuja vyenyewe kama meno. Thubutu! Umri unamletea mtoto nguvu, lakini ufundi lazima aonyeshwe na aurudie tena na tena, kama anavyorudia kuandika herufi.

Wataalamu wanaziita stadi za msingi na wanazigawa mafungu matatu. Kuna za kutoka hapa kwenda pale, kama kukimbia na kuruka. Kuna za kutawala kifaa, kama kurusha, kudaka na kupiga teke. Halafu kuna za mizani, kama kusimama kwa mguu mmoja. Mmarekani Dale Ulrich alitoa mwaka 1985 kipimo cha stadi za namna hii kwa watoto wa miaka 3 hadi 10, na kinachotazamwa humo ni jinsi mwili unavyotenda, si nani kawahi kufika.

Chukua kurusha. Mtoto ambaye hajafundishwa anatumia mkono tu, miguu imeganda chini. Aliyefundishwa anasimama kiubavuubavu, anapeleka mkono nyuma, anapiga hatua kwa mguu wa upande wa pili, kiuno kinazunguka, ndipo mkono unafuata. Hilo linafundishika kwa mpira wa makaratasi, bwana, halihitaji fedha za kigeni!

Kinachoniuma ni hiki: asiyejua kudaka hachaguliwi kwenye timu, asiyechaguliwa hapati mazoezi, na asiyepata mazoezi anazidi kuachwa. Mwisho anachukia michezo kabisa. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji walau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, 60 kati ya hizo ziwe za kuhemea, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa 1.

Zamani mtaa ndio uliokuwa mwalimu. Rede ilifundisha kurusha na kukwepa, kombolela mbio, mdako jicho na mkono, kamba ikafundisha mizani. Leo uwanja una nyumba, barabara ina bodaboda, dogo kashika simu. Imebaki shule.

Na shule zenyewe sasa! Ipo moja ninayoipita kila siku, jina nalihifadhi, kipindi cha michezo kimemezwa na hesabu. Nyingine zinatoa mpira mmoja kwa watoto arobaini: wanne wanacheza, thelathini na sita wanashangilia. Hilo si somo la viungo, hiyo ni mechi yenye watazamaji. Kila mtoto akipewa mpira wake wa makaratasi, au kila wawili wao mmoja, wote wanatoka jasho.

Kwa hiyo dada, kaka, mkienda shuleni kuulizia ada, ulizeni pia dogo amerusha na kudaka mara ngapi wiki hii. Na Jumamosi chora mstari kwa chaki atembee juu yake. Ukimfundisha kudaka, anza na mpira mkubwa na laini, simama karibu, urushe polepole ili asiogope. Akiangusha usimcheke, mrushie tena.

Haya, zima hiyo TV, dogo anasubiri nje.