Ukokotoaji wa Kujitolea: Kompyuta ya Nyumbani na Kadi ya Michoro Katika Kazi ya Sayansi

Utangulizi

Kompyuta nyingi za nyumbani huwashwa kwa saa nyingi, lakini sehemu kubwa ya uwezo wake hukaa bure. Mtu anapoandika barua au kusoma ukurasa, prosesa hufanya kazi ndogo sana. Ukokotoaji wa kujitolea ni utaratibu ambao mwenye kompyuta huwapa watafiti uwezo huo uliobaki, bila malipo, kupitia intaneti. Katika mada hii utajifunza jinsi utaratibu huu unavyofanya kazi, nafasi ya kadi ya michoro, na namna ya kuirekebisha kompyuta ifanye kazi nyingi kwa umeme mdogo. Sehemu ya nne ina hesabu, hivyo andaa kalamu na karatasi.

1. Jinsi utaratibu unavyofanya kazi

(a) Watafiti hugawa tatizo kubwa katika vipande vidogo vinavyojitegemea.
(b) Seva ya mradi hutuma kipande kimoja kwa kompyuta ya mtu aliyejitolea, pamoja na tarehe ya mwisho ya kurudisha jibu.
(c) Kompyuta hukokotoa kipande hicho wakati haina kazi nyingine.
(d) Jibu hurudishwa kwenye seva, na kipande kingine hutumwa.

Miradi mingi hutuma kipande kilekile kwa kompyuta mbili au zaidi za watu tofauti, kisha hulinganisha majibu. Sababu ni kwamba kompyuta iliyopata joto kupita kiasi inaweza kukosea hesabu bila kuzima wala kuonyesha dalili yoyote. Majibu yasipolingana, kipande hutumwa tena kwa kompyuta nyingine.

2. Mifano ya miradi

SETI@home ilianza tarehe 17 Mei 1999 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani. Ilichunguza mawimbi ya redio yaliyopokelewa na darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ikitafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia. Iliacha kugawa kazi mpya Machi 2020.

Folding@home ilianza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Huchunguza jinsi protini zinavyojikunja. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, watu wengi walijiunga hata uwezo wa mradi ukapita operesheni 10¹⁸ kwa sekunde.

Einstein@Home ilianza mwaka 2005. Mwaka 2010 ilitangaza kwamba kompyuta za watu waliojitolea, huko Iowa, Marekani, na Mainz, Ujerumani, zilikuwa zimegundua nyota aina ya pulsa ambayo haikujulikana kabla.

Mradi wa malariacontrol.net, ulioendeshwa na wanasayansi wa Uswisi, uliiga kwa hesabu jinsi malaria inavyoenea na jinsi hatua mbalimbali za kuidhibiti zinavyoweza kuipunguza.

3. Prosesa na kadi ya michoro

Prosesa ina viini vichache, kila kimoja chenye uwezo wa kufanya kazi ngumu za aina nyingi. Kadi ya michoro ina viini vidogo mamia au maelfu, vinavyofanya hesabu ya aina moja kwa pamoja.

Fikiria kazi mbili za nyumbani. Kupukuchua magunia ya mahindi hukamilika haraka watu wakiwa wengi, kwa kuwa kila mmoja hushika gunzi lake. Kuchemsha chai hakuharakishwi na wingi wa watu, kwa sababu kila hatua husubiri iliyotangulia. Kadi ya michoro inafaa kazi zilizo kama mahindi. Kazi zilizo kama chai huachiwa prosesa.

Zingatia pia kwamba kadi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ni hodari katika hesabu za usahihi wa kawaida, lakini hupungua kasi mara nyingi sana katika hesabu za usahihi maradufu. Kwa hiyo soma mahitaji ya mradi kabla ya kuchagua.

4. Kasi, volteji na umeme

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba kurekebisha kompyuta ni kuiongezea kasi. Kwa kadi inayofanya kazi saa nyingi mfululizo, mara nyingi faida hupatikana kwa kuipunguza kidogo.

Umeme unaotumiwa na chipu inapofanya kazi hutegemea mraba wa volteji ukizidishwa kwa kasi ya mapigo yake:

P ∝ V² × f

Mfano. Kadi hutumia wati 200, na sehemu nyingine za kompyuta hutumia wati 60. Kipande kimoja cha kazi huchukua saa 2.

Nishati = (200 + 60) × 2 = wati-saa 520 = uniti 0.52

Sasa punguza volteji na kasi kwa asilimia 10 kila moja.

Umeme wa kadi = 200 × 0.9² × 0.9 = wati 145.8
Muda = 2 ÷ 0.9 = saa 2.22
Nishati = (145.8 + 60) × 2.22 = takriban wati-saa 457 = uniti 0.457

Kazi imechelewa kwa dakika 13 hivi, lakini nishati imepungua kwa takriban asilimia 12. Joto na kelele za feni hupungua pia.

Je, tuendelee kupunguza bila kikomo? Hapana. Kila chipu ina volteji ya chini kabisa ambayo chini yake huanza kukosea au kusimama. Ukishindwa kupunguza volteji, ukapunguza kasi peke yake hadi nusu, kadi itatumia wati 100 kwa saa 4:

Nishati = (100 + 60) × 4 = wati-saa 640 = uniti 0.64

Umetumia nishati nyingi kuliko mwanzo. Zile wati 60 za sehemu nyingine zimelipwa kwa muda mara mbili.

5. Hatua za kurekebisha

(a) Zima kompyuta, chomoa waya, kisha ondoa vumbi kwenye feni na kipoza joto kwa brashi laini. Vumbi huzuia hewa, na chipu yenye joto hujipunguzia kasi yenyewe.
(b) Weka kompyuta mahali penye hewa, mbali na ukuta na jua.
(c) Punguza kiwango cha umeme cha kadi kidogokidogo, ukipima muda wa kipande kila mara. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.
(d) Acha kiini kimoja cha prosesa bila kazi ya mradi, ili kiilishe kadi data. Kadi ikikosa data, husubiri huku ikitumia umeme.
(e) Chunguza majibu yaliyokataliwa na seva. Yakianza kuongezeka, rudisha mpangilio wa awali.

6. Tahadhari

Kompyuta ya mfano wetu, hata baada ya kurekebishwa, ikiwashwa saa 24 kwa siku 30 itatumia takriban uniti 148. Hiyo ni karibu mara mbili ya uniti 75 kwa mwezi, kikomo cha mteja mdogo wa nyumbani nchini Tanzania. Ikifanya kazi saa 6 tu kwa siku, itatumia uniti 37. Anayejitolea hapa si kompyuta, bali ni yule anayelipa umeme. Kama ni mzazi au mlezi wako, mwonyeshe hesabu na umwombe ruhusa kwanza. Kompyuta ya shule haiwekewi programu hizi bila idhini ya shule.

Pakua programu kutoka kwa mradi wenyewe pekee. Usitumie kompyuta mpakato kwa kazi hii saa nyingi, kwa kuwa feni yake ni ndogo na joto huchakaza betri. Umeme ukikatika usihofu sana, kwani miradi mingi huhifadhi hatua iliyofikiwa kila baada ya muda.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini kipande kimoja hutumwa kwa kompyuta zaidi ya moja.
2. Taja tofauti mbili kati ya prosesa na kadi ya michoro.
3. Kadi hutumia wati 150. Volteji na kasi zikipunguzwa kwa asilimia 20 kila moja, itatumia wati ngapi?
4. "Kompyuta yenye kasi ndogo hutumia umeme mdogo kwa kila kazi." Jadili kauli hii kwa kutumia hesabu.

Jibu la swali la 3: 150 × 0.8³ = wati 76.8.

Dokezo la swali la 4: usikubali wala kukataa moja kwa moja. Onyesha kwanza hali ambapo volteji inapungua, kisha hali ambapo haipungui. Tofautisha wati, ambazo ni kiwango cha matumizi, na wati-saa, ambazo ni jumla ya nishati iliyotumika. Mtahiniwa anayechanganya hivi viwili hupoteza alama hata kama hesabu zake ni sahihi.