Mtoto Anapopelekwa kwa Bibi: Safari ya Kwanza katika Miezi ya Mwanzo

Mwezi Desemba unapokaribia, Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, Dar es Salaam, hujaa wasafiri tangu kabla ya alfajiri. Miongoni mwao hawakosekani akina mama waliobeba watoto wa wiki chache tu, waliofunikwa khanga na blanketi, wakipelekwa Moshi, Iringa, Mwanza au Bukoba ili babu na bibi wawaone. Safari hiyo si anasa. Kwa familia nyingi ndiyo njia ya kumwingiza mtoto katika ukoo: apakatwe, aombewe, pengine apewe jina na wazee ambao huenda mwakani wasiwepo. Mhudumu wa afya anayejibu kwa neno moja, "Msisafiri," hujidanganya. Familia itasafiri, ila haitamwambia tena.

Lenye manufaa zaidi ni kuuliza mtoto asafiri lini, aandaliwe vipi, na akiugua huko aendako ni nani atakayetambua mapema. Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Ukiziacha ajali, barabara yenyewe mara chache humdhuru mtoto aliyezaliwa kwa wakati, mwenye afya na anayenyonya vizuri. Kinachoweza kumpoteza ni homa inayompata siku ya tatu au ya nne katika nyumba yenye watu wengi, ambapo kila mmoja ana jina la kuipa homa hiyo na dawa ya kuitibu.

Mtoto huzaliwa akiwa na kinga aliyopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma, na sehemu kubwa ya kinga hiyo huvuka katika wiki za mwisho za ujauzito. Aliyezaliwa njiti ameikosa kwa kiasi. Kinga yake mwenyewe bado haijakomaa, kwa hiyo vijidudu vilivyoingia kwenye kitovu, ngozi au mapafu vinaweza kufika kwenye damu na kwenye utando wa ubongo katika muda wa saa chache. Zaidi ya hayo, mtoto wa umri huu haonyeshi ugonjwa kwa namna mtu mzima aonyeshavyo. Huenda asilie sana. Huenda akawa mtulivu kupita kawaida, akalala muda wa kunyonya ukapita, na watu wakamsifu kwa upole wake.

Kwa sababu hiyo, mwongozo unaotumika vituoni hauchezi na dalili za mtoto aliye chini ya miezi miwili. Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni dalili ya hatari. Likishuka chini ya nyuzi 35.5, hiyo nayo ni dalili ya hatari, na ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwani wengi huamini kwamba mtoto mgonjwa lazima awe wa moto. Nyingine ni kushindwa kunyonya au kunyonya kwa ulegevu, degedege, kifua kubonyea ndani sana anapovuta pumzi, kujongea pale tu anapoguswa, na kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, na zikizidi zihesabiwe tena. Dalili moja kati ya hizi inatosha kumpeleka kituoni siku hiyohiyo, hata usiku.

Safari ianze lini basi? Hapa mila na tiba zimekutana bila kupangana. Katika jamii nyingi za Tanzania, mama na mtoto hukaa ndani hadi arobaini. Chanjo za wiki ya sita hutolewa mtoto anapofikisha siku 42. Familia inayoheshimu arobaini inahitaji kuvumilia siku mbili tu zaidi ili mtoto aondoke akiwa amepata chanjo ya Penta, inayomkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na vijidudu vya Hib, pamoja na chanjo ya nimonia, ya polio na ile ya kuharisha kunakosababishwa na virusi vya rota. Mhudumu anayeujua ukaribu huo ana hoja ambayo bibi hataikataa.

Inafaa lakini mtoto asichanjwe asubuhi na kupanda basi jioni. Chanjo inaweza kuleta joto la mwili katika siku moja au mbili za mwanzo, na mama aliye njiani hana namna ya kulitofautisha na joto la maambukizi. Siku tatu nne za kusubiri nyumbani zinaondoa utata huo. Vilevile, tarehe inayofuata isipotee: kuna chanjo za wiki ya 10 na ya 14, na likizo ya Krismasi inayorefuka hadi Februari huzimeza zote mbili. Chanjo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma popote nchini, mradi kadi ya kliniki ipo mkononi. Aliyechelewa huendelea pale alipoishia, haanzi upya. Mama asione haya kurudi.

Njiani, jambo la kwanza ni ziwa la mama. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, na hata katika joto la Dodoma mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji tone la maji mengine. Anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi. Mama ndiye anayehitaji kunywa maji, ingawa wasafiri wengi hujinyima ili wasisumbuke kutafuta choo. Jambo la pili ni joto. Mtoto anayefaa kuvikwa nguo nyepesi mjini Morogoro saa saba mchana atahitaji kofia na soksi akifika Njombe au Lushoto usiku wa mwezi Julai. Kumgubika blanketi tatu ndani ya basi lenye joto humpandisha joto na huweza kuziba pumzi yake; uso ubaki wazi daima. Penye baridi, hakuna kilicho bora kuliko ngozi ya mama kugusana na ya mtoto, vyote viwili chini ya khanga moja. Mbinu hii, iliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 kwa ajili ya watoto njiti, haihitaji umeme wala fedha.

Mkanda wa kiti umfunge mama peke yake. Mtoto akiwekwa kati ya mkanda na mwili wa mama, basi likifunga breki kwa ghafla mama humbana kwa uzito wake wote. Kiti cha mbele karibu na dereva kiepukwe, na pikipiki ya kutoka stendi hadi kijijini iepukwe kabisa panapopatikana usafiri mwingine.

Mama naye ni mzazi bado. Katika wiki sita baada ya kujifungua damu yake huganda kwa urahisi kuliko kawaida, na safari ya zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba humkalisha muda mrefu mno. Ashuke na kutembea kila basi linaposimama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikimbana ghafla, aende hospitali bila kungoja.

Mtoto amefika. Nyumba imejaa, kila mmoja anataka kumpakata. Wakwe wanaweza kuombwa kwa adabu wanawe mikono kwa sabuni, na mwenye mafua au kikohozi amtazame mtoto kwa mbali. Ombi hili lisemwe na baba wa mtoto kwa wazazi wake mwenyewe. Likitoka kinywani mwa mkamwana huchukuliwa kuwa ni dharau. Mtoto asilazwe katika jiko la kuni, japokuwa ndimo mwenye joto. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, hasa anapotoka mahali penye malaria kidogo kama Arusha au Kilimanjaro kwenda Kagera, Geita, Kigoma, Lindi au Mtwara. Asilambishwe asali, ambayo kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli. Dawa za mchango nazo zisubiri. Mtoto anayejinyonganyonga jioni na kulia, lakini ananyonya na kuongezeka uzito, kwa kawaida hana ugonjwa.

Kisha homa inakuja, na hapa ndipo maneno mawili huweza kuamua maisha: "meno ya plastiki". Katika mikoa kadhaa inaaminika kwamba mtoto mwenye homa, kuhara au kutapika ameota meno mabaya yasiyoonekana, na kwamba yasipong'olewa atakufa. Bibi hupitisha kidole kwenye ufizi na kweli hukuta uvimbe, pengine wenye weupe kwa juu. Bibi hasemi uongo. Uvimbe upo. Ni chonge za utotoni, ambazo zimeshajengeka ndani ya ufizi na zitatokeza zenyewe mtoto akiwa na umri wa takriban miezi 16 hadi 22. Kila mtoto anazo, mzima na mgonjwa. Mtaalamu wa jadi huzifukua kwa wembe, msumari au spoku ya baiskeli. Kinachofuata kinaweza kuwa kutokwa damu nyingi, maambukizi, pepopunda, na baadaye chonge za ukubwani zilizoharibika. Madhara makubwa kuliko yote ni siku mbili zilizopotea, nimonia au maambukizi ya damu yakiendelea huku familia imeridhika kwamba tiba imefanyika. Kukata kimeo kwa ajili ya kikohozi kunafuata njia hiyohiyo.

Kumkemea bibi hakujawahi kusaidia. Mara nyingi yeye ndiye aliyemlea baba wa mtoto huyu pasipo na zahanati karibu, na anachotaka ni mjukuu apone. Husaidia zaidi kumwomba apitishe kidole kwenye ufizi wa mtoto mwingine wa rika hilo, wa jirani, anayecheza na kunyonya bila shida. Atakuta uvimbe uleule. Akishaugusa kwa mkono wake mwenyewe, mazungumzo hubadilika. Nauli ya kwenda kituoni nayo mara nyingi imo mikononi mwa wazee. Akishawishika yeye, nyumba nzima imeshawishika.

Mtoto mdogo mwenye dalili ya hatari asipewe masalia ya vidonge vya watu wengine, wala asipewe dawa ya kushusha homa kisha akangojwa aone asubuhi. Anyonyeshwe, au akamuliwe maziwa na kulishwa kwa kikombe ikiwa ananyonya kwa shida lakini anaweza kumeza, awekwe kifuani kwa mama, na safari ya kituoni ianze.

Kwa upande wa zahanati inayompokea, mgeni huyu asirudishwe kwa sababu kadi yake imeandikwa jina la kliniki ya Dar es Salaam. Kabla ya kumpa rufaa, mwongozo unataka apewe dozi ya kwanza ya sindano za ampisilini na jentamisini, sukari yake isiachwe ishuke, na asafirishwe akiwa na joto. Na kliniki alikotoka ina kazi yake pia, ya dakika mbili tu. Katika hudhurio la wiki ya sita, mama aulizwe: mnasafiri lini, na kwenda wapi? Jina la kituo cha afya kilicho karibu na nyumba ya bibi liandikwe kwa kalamu kwenye jalada la kadi, chini yake tarehe ya chanjo ya wiki ya 10, na namba ya simu ya mtu mwenye gari kijijini hapo.