Mfamasia Anasoma Nini?

Mteja anaingia famasi moja ya Marekani huku ameshika kifua. Kiungulia kimemnyima usingizi, na rafu iliyo mbele yake imejaa vidonge vya kila rangi. Anamgeukia mwenye koti jeupe: "Ungekuwa wewe ungechukua ipi?" Jibu la mfamasia halimalizi hata nusu dakika, lakini kwa kampuni za dawa nusu dakika hiyo ni mali. Tangu omeprazoli iruhusiwe kuuzwa bila cheti cha daktari nchini humo mwaka 2003, wanaougombea ulimi wake wameongezeka.

Ndiyo maana wenye matangazo wanataka kujua anasoma nini. Magazeti ya fani yake ni ya siku nyingi: Drug Topics lilianza mwaka 1857, Pharmacy Times 1897, na kule Uingereza The Pharmaceutical Journal lilitangulia yote mawili, mwaka 1841. Mengi ya Marekani hupelekwa kwa wafamasia bure; anayelipa ni mwenye tangazo. Lakini gazeti la bure haliwezi kujisifia mauzo. Ndiyo sababu walizuka wakaguzi kama BPA, iliyoanzishwa mwaka 1931, wa kuhakikisha kwamba nakala zimewafikia watu wa fani kweli. Kufika tu hakutoshi. Gazeti linaweza kuingia famasi likiwa ndani ya nailoni, likabaki humo hadi siku ya kuzoa taka.

Hapo ndipo mtafiti wa usomaji anapopata kazi. Ujanja wake mwingi una mizizi katika jimbo la Iowa, ambako George Gallup, mtafiti wa maoni ya umma, aliandika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1928. Gallup hakuwauliza watu wanapenda kusoma nini. Alikaa nao na gazeti lenyewe, wakalipitia ukurasa kwa ukurasa, kila mmoja akionyesha alichokisoma. Kumbe picha na vibonzo vilikuwa na wateja wengi kuliko habari nzito ambazo kila mtu alipenda kusema anazifuatilia!

Wafamasia nao ni binadamu. Mpe mmoja dodoso lenye orodha ya majarida, na kalamu itakimbilia lile lenye heshima. Basi mtafiti humwonyesha majalada, akamuuliza mara ya mwisho alilishika hili lini, na katika matoleo manne yaliyopita amefungua mangapi. Wengine hutega kabisa: katikati ya orodha huchomeka jina la gazeti ambalo halijawahi kuchapishwa. Anayesema hulisoma kila mwezi amejiumbua mwenyewe.

Ziko kurasa zisizohitaji mtego. Leseni ya mfamasia wa Marekani haihuishwi bila saa za mafunzo endelevu, na majimbo mengi hudai saa 30 kila baada ya miaka miwili. Majarida huchapisha masomo hayo pamoja na maswali yake, na mfamasia huyasoma kalamu mkononi, pengine usiku baada ya kufunga kaunta. Mwenye tangazo angetoa chochote akae hapo. Bahati mbaya kwake, kanuni za mafunzo hayo zinakataza tangazo la dawa kuchomekwa katikati ya somo.

Majarida yalipoanza kutumwa kwa barua pepe, wengi walidhani dodoso limekufa, kwa kuwa mashine ilihesabu yenyewe nani amefungua ujumbe, kwa kuangalia picha iliyomo imepakuliwa au la. Kisha Septemba 2021 Apple ikaleta kinga ya faragha ambayo hupakua picha za ujumbe hata kama mpokeaji hajaugusa. Hesabu ya "waliofungua" ikafura ghafla, na watafiti wakarudi kumuuliza mtu mwenyewe.

Majibu hayo huishia pia mikononi mwa mnunuzi. Pharmacy Times, kwa mfano, huwauliza wafamasia bidhaa wanazozipendekeza, na washindi hawakawii kujitangaza. Kwa hiyo ukikuta paketi inajinadi kuwa chaguo la kwanza la wafamasia, igeuze usome maandishi madogo: waliulizwa wangapi, lini, na utafiti ulilipiwa na nani.