Saa za ziada ni mali ya familia

Ni jioni ya Juni mjini Mbeya, na baridi imeshashuka kutoka mlima Loleza. Mama mmoja mpishi aliingia jikoni hotelini saa 1:30 asubuhi, na alitakiwa kutoka saa 10 alasiri. Lakini malori yaendayo Tunduma bado yanasimama, madereva wanataka chakula, na msimamizi amesema, "Mama, leo tusaidie kidogo." Anafika nyumbani saa 2 usiku. Mtoto mdogo amelala bila kuoga. Kesho yake ni vilevile. Mwisho wa mwezi anapokea mshahara uleule, bila hata senti moja juu yake.

Kule Mafinga, mkoani Iringa, mwenzake anapanga mbao mpaka gari lijae. Hatuwataji majina, maana wako wengi. Pengine ni wewe, mama msomaji. Pengine ni baba watoto, anayelinda lango la watu usiku kucha.

Wengi wetu tumezoea kusema, "Kazi ni kuvumilia." Kuvumilia ni jambo jema, lakini tujiulize: saa hizo zilikuwa za nani? Zilikuwa za watoto na za nyumba. Zikichukuliwa bila malipo, ni familia nzima iliyonyang'anywa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka. Kazi ya kawaida haizidi saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Mfanyakazi akifanya kazi saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya saa 1.

Saa zinazozidi hapo ndizo ovataimu. Hazifanywi bila makubaliano, na hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki 4. Malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Siku ya sikukuu ya taifa, kila saa hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5 kwa kila saa. Na mama mjamzito halazimishwi kufanya kazi usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mkataba wa maandishi unaweza kuruhusu siku ya kazi ya saa 12 bila ovataimu, lakini kwa siku zisizozidi 5 kwa wiki, na saa za kawaida zibaki 45. Pili, mameneja wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa uongozi wa juu hawamo katika mipaka hii ya saa.

Tupige hesabu

Chukua mfano wa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Sheria huhesabu mwezi kuwa wiki 4.333. Kwa saa 45 za wiki, hizo ni kama saa 195. Gawanya 390,000 kwa 195, unapata shilingi 2,000 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani shilingi 3,000.

Mama akibaki saa 2 zaidi kwa siku 5 za wiki, hizo ni saa 10. Kwa wiki 4 ni saa 40. Zidisha kwa 3,000, unapata shilingi 120,000. Mama mwenye watoto watatu anajua fedha hiyo ni sare, viatu na madaftari mangapi.

Daftari dogo la shilingi chache

Wanaoshindwa kudai haki yao, mara nyingi hushindwa kwa kukosa kumbukumbu. Mtu anasema, "Nimefanya ovataimu miaka miwili," lakini akiulizwa siku gani na saa ngapi, ananyamaza. Nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani alikuagiza ubaki. Tunza karatasi za mshahara na nakala ya mkataba. Kama mwajiri hakukupa mkataba wala maelezo ya kazi kwa maandishi, usikate tamaa. Mkibishana juu ya masharti ya kazi yako, kama vile saa au mshahara, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha.

Hatua za kufuata

Anza kwa upole. Mwone mwajiri na daftari lako. Wengine hulipa wakishaona hesabu imenyooka. Ukiona ugumu, mwone mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, au Afisa Kazi wa mkoa.

Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Utajaza Fomu Na. 1, umpatie mwajiri nakala, kisha uiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Msuluhishi atawakalisha pande zote mbili mzungumze. Unaweza kusindikizwa na kiongozi wa chama chako, wakili, au mtu mwingine uliyemchagua akuwakilishe. Siku ya kuitwa usikose, maana mlalamikaji asipofika shauri lake linaweza kufutwa. Msipopatana ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda kwa mwamuzi au Mahakama ya Kazi. Watumishi wa umma wana taratibu zao za kuanzia kabla ya kufika huko.

Hapa ndipo wengi hujikwaa: dai la mshahara lifikishwe Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Aliyeachishwa kazi na anapinga kuachishwa ana siku 30 tu. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kutoa sababu ya maana. Basi usingoje mwaka uishe. Anza kuhesabu tangu siku ya mshahara ulioona umepungua.

Je, ukifukuzwa kwa sababu umedai? Sheria haikubali kwamba kudai haki ni sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Na nyumbani kwetu?

Naomba niseme jambo lililonichoma moyo. Nilipokuwa naandika makala hii, hapa Iringa, ilikuwa imepita saa 3 usiku. Jikoni nilisikia vyombo vikigongana. Ni binti anayenisaidia kazi. Alikuwa ameamka saa 11 alfajiri kuwasha jiko. Niliweka kalamu chini.

Sheria ile ile imewaacha nje wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haikumwacha nje binti wa kazi. Naye ana saa 45, ana siku ya kupumzika, ana ovataimu. Torati iliagiza kibarua alipwe ujira wake kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautazamia. Haikusema agizo hilo ni la matajiri wenye viwanda peke yao.

Usiku ule nilimwambia akalale, vyombo nikamalizia mimi. Kesho yake tulikaa mezani, tukapanga saa za kuanza na kumaliza, tukaandika. Sasa nyumbani kwetu yapo madaftari mawili: langu la saa za kazini, na lake.

Mama mwenzangu, kabla hujalala leo, anza lako. Kisha ukaangalie nani bado yuko jikoni.