Kuichagua Nchi ya Kukaa

Mtu atakaye kuhama na jamaa yake, na ng'ombe wake, na mbegu zake, hana budi kuikagua kwanza nchi aiendeayo. Nguo mbovu ikinunuliwa sokoni hutupwa. Shamba bovu halijulikani upesi hivyo: ubovu wake huonekana baada ya mavuno mawili au matatu, wakati akiba ya chakula imekwisha na nyumba ya zamani imekwisha kuanguka.

Kiseke, karibu na Mwanza, ni mahali pafaapo kujifunzia kazi hiyo. Siku hizi ni kata ya Manispaa ya Ilemela, na nyumba za mji zimejaa. Lakini umbo la nchi ni lile lile la Usukuma wa kaskazini, yaani vilima vya mawe, miteremko, na mabonde mapana. Juu ya vilima yako majabali ya itale, ambayo jua na mvua zimeyamega kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka hata yakawa mchanga. Mchanga mzito hubaki karibu na miguu ya majabali. Udongo laini huchukuliwa na maji ukateremka bondeni. Kwa hiyo atembeaye toka kilimani hata bondeni, mwendo wa robo saa tu, hukanyaga udongo wa namna nyingi, na Wasukuma wameupa kila mmoja jina lake.

Ule wa juu, wenye mchanga, huitwa luseni. Hulimika kwa urahisi hata kwa jembe la mtoto, na mvua ya kwanza huuloweka upesi. Mihogo, viazi vitamu, uwele na njugu mawe humea humo. Lakini nguvu zake ni chache, na ukilimwa miaka mingi pasipo kupumzishwa wala kutiwa samadi, huchoka. Chini yake hupatikana itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka ngumu ndani isiyopitisha maji. Wakati wa kiangazi hufanana na sakafu, na wakati wa mvua maji husimama juu yake. Mgeni huudharau. Wenyeji huuzungushia matuta wakafanya majaruba ya mpunga, na maji yale yale yaliyomwogopesha mgeni huwa faida kwao. Mwisho, bondeni, ni mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi, upasukao nyufa za kuingia mkono wakati wa jua, na kunata miguuni kama ulimbo wakati wa mvua. Mtama na majani ya ng'ombe husitawi huko, lakini si mahali pa nyumba, maana udongo huo hutanuka na kunywea, na kuta hupasuka.

Mpango huo hurudiwa kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliuandikia wataalamu wenzake habari zake, akaupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo latumika mpaka leo katika vitabu vya udongo vya dunia nzima. Wakulima wa Usukuma, bila shaka, walikuwa wamekwisha kuujua mnyororo wenyewe kwa majembe yao.

Yafuatayo ni dhahiri. Shamba lililo lote juu ya luseni, au lote mbugani, ni shamba la hatari. Bora ni kipande kirefu kinachoshuka mteremko, chenye kidogo cha kila udongo. Mwaka wa mvua nyingi bonde hufurika, na kilima hulisha watu. Mwaka wa mvua haba kilima hukauka, na bonde bado lina unyevu. Tena ng'ombe hupata malisho yaliyohifadhiwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, ambayo Wasukuma huyaita ngitili. Asiyejua majina ya udongo achimbe shimo la kina cha mkono wake, kisha amimine maji na kuangalia yanavyokwenda. Miti nayo hutoa habari: penye mkuyu uliositawi, mara nyingi maji hayako mbali.

Habari ya mvua ni ngumu zaidi, kwa sababu haionekani kwa siku moja. Mwanza hupata kadiri ya milimita 1,000 kwa mwaka. Bukoba, ng'ambo ya magharibi ya ziwa lile lile, hupata kadiri ya 2,000, maana pepo zitokazo mashariki hupita juu ya maji, zikabeba unyevu, zikautua huko. Lakini hesabu ya kadiri haisemi ni miaka mingapi mvua ilikosa kunyesha. Hilo huulizwa wazee.

Kukosa kuuliza kuliwagharimu Waingereza sana. Mwaka 1946 walituma wajumbe kutafuta nchi ya kulima karanga katika Afrika ya Mashariki. Wajumbe walizunguka majuma tisa, wakiitazama sehemu kubwa ya nchi toka ndani ya ndege. Mwaka uliofuata kazi ilianzishwa Kongwa, katika Ugogo. Mvua ilikosa, na udongo, ulipokauka, uligeuka mgumu kama tofali. Mwaka 1951 kazi iliachwa, na paundi zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Mgogo ye yote mwenye umri angaliweza kuwaeleza habari za Mtunya, njaa kuu iliyowaua watu wengi wa Ugogo kati ya 1917 na 1920.

Kwa atakaye kukaa karibu na Ziwa Viktoria yako mambo mawili zaidi. La kwanza ni kichocho. Wadudu wake hukaa ndani ya konokono wadogo, penye maji matulivu yenye majani, kisha hupenya ngozi ya mtu aogaye au achotaye maji. Kisima kirefu chenye pampu, kilicho mbali na choo, chafaa kuliko ufuo mzuri wa kuogelea.

La pili ni ziwa lenyewe, ambalo halikai mahali pamoja. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya meta mbili. Mwaka 2020 yalipanda tena sana, yakaingia mashamba na nyumba za ufuoni katika Tanzania, Kenya na Uganda. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 hukataza shughuli za kudumu za watu ndani ya meta 60 toka ufuo. Mwenye busara huzihesabu meta hizo kuanzia pale maji yalipofika mwaka 2020, si pale yalipo siku anapokuja na kamba yake.