KAMPENI YA MCHEZO WA MKAKATI KAMA MATINI YA FASIHI: USIMULIZI, UCHAGUZI NA ARDHI KATIKA STARCRAFT

Utangulizi

Mwalimu anayefunza Kiswahili Kitengela, Kajiado mjini au Isinya leo anakabiliwa na darasa ambalo limesikia hadithi nyingi kabla ya kufungua kitabu teule. Baadhi ya hadithi hizo zimetoka kwa nyanya, nyingine kwenye runinga, na nyingine kwenye michezo ya video ambayo vijana huilipia kwa dakika katika vibanda vilivyo kando ya barabara ya Namanga. Ni desturi yetu walimu kuiona michezo hii kama adui wa kitabu. Makala haya yanachukua mkondo tofauti. Yananuia kuonyesha kwamba kuna aina moja ya mchezo, yaani mchezo wa mkakati wenye kampeni ya mchezaji mmoja, ambao una msuko, wahusika, usimulizi na maudhui yanayoweza kuhakikiwa kwa istilahi zilezile tunazozitumia darasani. Aidha, yanadai kwamba uhakiki huo ukifanywa kwa makini, udhaifu wa mchezo wenyewe unadhihirika, na thamani ya riwaya na tamthilia zetu inaonekana wazi zaidi.

Mfano tutakaoutumia ni StarCraft, mchezo wa bunilizi ya kisayansi uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani mwaka 1998, pamoja na mwendelezo wake, StarCraft II. Mwendelezo huo ulitangazwa jijini Seoul mwezi Mei 2007. Mwaka 2008 wapenzi wake wakaarifiwa kwamba kampeni yake ingegawanywa katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, Wings of Liberty, ilitoka Julai 2010, ya pili mwaka 2013 na ya tatu mwaka 2015.

Kampeni ni nini?

Neno kampeni kwa Mkenya huleta picha ya mwanasiasa juu ya gari. Katika michezo ya mkakati lina maana nyingine: ni mfululizo wa operesheni za kivita zilizopangwa kwa utaratibu ili kusimulia kisa kimoja. Mchezaji hupewa kambi, wafanyakazi wa kuchimba madini, na askari. Hujenga, huchimba, hushambulia na kujihami. Akitimiza lengo la operesheni, hadithi husonga mbele. Akishindwa, hurudia pale pale.

Tofauti na aina nyingine za burudani inafaa kubainishwa. Bao, na enkeshui ya Wamaasai ambayo ni ndugu yake, ina mkakati lakini haina masimulizi. Ngano ina masimulizi, lakini msikilizaji hana mkakati wowote wa kuukwepesha mguu wa Sungura mtegoni. Kampeni inaviunganisha viwili hivi. Anayeisoma ndiye anayepigana, na asipopigana vyema hadithi haiendelei.

Msuko na chanzo cha kisa

Kampeni ya StarCraft ya 1998 ina operesheni 30, kumi kwa kila mojawapo ya jamii tatu zinazopigana: Waterran, ambao ni binadamu; Wazerg, viumbe wanaomeza na kugeuza kila kilicho hai; na Waprotoss, jamii kongwe yenye teknolojia ya juu. Msuko wake ni wa moja kwa moja, lakini mtazamo unahama. Mchezaji aliyekuwa upande wa binadamu katika theluthi ya kwanza anajikuta upande wa Wazerg katika ya pili, kisha upande wa Waprotoss katika ya tatu.

Chanzo cha binadamu hawa kinapaswa kumvutia mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Waterran ni kizazi cha wafungwa waliopakiwa katika vyombo vya angani na kutupwa mbali na dunia. Miaka mitatu kabla ya mchezo huu kutoka, yaani mwaka 1995, Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi, ambamo Dzombo anahukumiwa kifo na kuingizwa katika chombo cha angani ili aangamie. Badala ya kufa anatua katika sayari ya Walenisi. Motifu ni moja: aliyehukumiwa anarushwa angani. Matumizi yake ni tofauti kabisa. Wafungwa wa StarCraft wanafika ugenini na kuujenga upya ulimwengu uleule uliowatupa, wenye matabaka na vita. Dzombo anakutana na jamii yenye usawa, inayomlazimisha kuuliza kwa nini kwao hakuko hivyo. Jina la sayari lenyewe ni jibu: wale ni sisi. Mkangi, ambaye alionja kizuizi cha serikali katika miaka ya 1980, alitumia anga za juu kuwasuta watawala wa ardhini. Kwa hivyo, mwanafunzi anayedai kwamba bunilizi ya kisayansi ni jambo la kigeni hajapekua rafu ya maktaba yake vizuri.

Usimulizi wa nafsi ya pili

Katika riwaya zetu nyingi msimulizi hutumia nafsi ya tatu, na katika baadhi nafsi ya kwanza. Usimulizi wa nafsi ya pili, ambapo msomaji mwenyewe anaitwa “wewe” na kufanywa mhusika, ni adimu. Katika StarCraft ya 1998 ndio msingi. Wahusika wanamgeukia mchezaji na kumpa cheo: katika sehemu ya kwanza yeye ni hakimu wa makazi ya binadamu katika sayari ya Mar Sara. Wanamwamuru, wanamshukuru, wanamlaumu. Yeye hasemi neno. Kunena kwake ni vitendo.

Mbinu hii inaleta taharuki ya aina yake. Katika operesheni ya tatu mchezaji anatakiwa kuihami kambi kwa dakika 30 hadi msaada ufike. Dakika 30 za hadithi ni dakika 30 za mchezaji. Mwandishi wa riwaya anaweza kuufupisha usiku wa mapigano kwa sentensi moja. Hapa ufupisho huo haupo.

Kinaya: ushindi ambao ni hasara

Kilele cha sehemu ya kwanza kinafaa kufunzwa kama mfano wa kinaya cha hali. Kiongozi wa waasi, Arcturus Mengsk, ameahidi kuwakomboa watu kutoka kwa utawala dhalimu. Ili kuuangusha utawala huo, anawavuta Wazerg hadi makao yake makuu, Tarsonis, na mamilioni ya raia wanakuwa chambo. Kisha anamtuma Sarah Kerrigan, mpiganaji wake hodari, kuwazuia Waprotoss wasiwafikie Wazerg hao. Mchezaji anapigana operesheni hiyo na kushinda. Mara tu baada ya ushindi, Kerrigan anaomba achukuliwe. Mengsk anaamuru kikosi kiondoke bila yeye. Jim Raynor anapinga, lakini amri inatekelezwa.

Tazama yaliyotendeka. Mchezaji ameshinda mchezo na ameshindwa katika hadithi, tena kwa tendo lile lile. Hakupewa kitufe cha kukataa. Alikuwa na uwezo wa kujenga, kuchimba na kuua, bali hakuwa na uwezo wa kusema la. Kinaya kinazidi pale sehemu ya pili inapoanza: mchezaji sasa ni kiongozi wa Wazerg, na kazi yake ya kwanza ni kukilinda kifukofuko ambamo Kerrigan anageuzwa kuwa malkia wa maangamizi. Aliyeshiriki kumtelekeza ndiye anayemlea adui atakayetokana na kutelekezwa huko. Waswahili wanaposema kikulacho ki nguoni mwako, hawana maana nyingine.

Uchaguzi usio na gharama

Katika Wings of Liberty ya 2010 watunzi walilijibu lalamiko la mchezaji asiye na hiari. Raynor sasa ndiye mhusika mkuu, na katika chombo chake, Hyperion, mchezaji anaamua aende wapi kwanza na amsaidie nani. Mara mbili anawekwa katika njia panda ya kimaadili. Mosi, achague kati ya Tosh, mwasi anayetaka wenzake watolewe gerezani, na Nova, askari wa serikali anayedai kwamba wafungwa hao ni wendawazimu hatari. Pili, aamue kama atawalinda walowezi wa Daktari Hanson, ambao huenda wameambukizwa na Wazerg, au atayaangamiza makazi yao yaliyoambukizwa kabla Waprotoss hawajafanya hivyo.

Hapa ndipo mhakiki anapaswa kukaza macho. Ukimwamini Tosh, unaona kuwa ni mtu wa kuaminika. Ukimwamini Nova, madai yake ndiyo yanayothibitika. Ukiwalinda walowezi, Hanson anakuaga akiwa mzima na mwenye shukrani. Ukiamua kuangamiza, Hanson anageuka Zerg mbele ya macho yako, ishara kwamba ulifanya vyema. Yaani ukweli wa hadithi unajipinda kuufuata uamuzi wa mchezaji. Hakosi kamwe. Kinyume chake, karibu na mwisho anapochagua kuharibu njia za adui za chini ya ardhi au uwezo wake wa angani, uamuzi huo una gharama: kile alichokiacha ndicho kitakachomshambulia katika operesheni ya mwisho. Kwa maneno mengine, mchezo huu unaulipisha uamuzi wa kivita, na unausamehe uamuzi wa kimaadili.

Linganisha na Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia teule iliyotangulia Bembea ya Maisha. Sudi anatakiwa na Majoka kuchonga kinyago kwa sherehe za uhuru. Anakataa. Mkewe, Ashua, anatiwa korokoroni, na kinyago kinafanywa bei ya uhuru wake. Tamthilia haiupindi ukweli ili kumfariji Sudi. Msimamo wake ni sahihi na bado unamuumiza, na unawaumiza walio wake. Hadhira haina kitufe cha kubonyeza, lakini inaondoka ikijua kwamba kuchagua haki kuna gharama. Hili ndilo jibu tunaloweza kumpa mwanafunzi anayeuliza kwa nini asome tamthilia ambayo hawezi kuibadilisha mwisho wake.

Ardhi katika ramani na ardhi katika hadithi

Mchezo wa mkakati huitazama ardhi kutoka juu. Operesheni inapoanza, ramani imefunikwa na giza, na hufunguka askari wanapopita. Penye madini panang'aa; pasipo na madini ni njia tu. Anayefika kwanza na kujenga ndiye mwenye mahali.

Mwanafunzi wa Kajiado ana sababu ya kuutilia shaka mtazamo huu. Jina la kaunti yake linatokana na Kimaasai, na linahusu mto mrefu. Walioupa mto jina waliujua kwa miguu. Mikataba ya 1904 na 1911 kati ya Wamaasai na serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kwa mistari iliyochorwa kwenye ramani. Magadi, ndani ya kaunti hii, magadi yamechimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka 100. Katika uwanda wa Kitengela, ranchi ya jumuiya iligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi katika miaka ya 1980, na nyua zilizofuata zikazibana njia za mifugo na za nyumbu wanaotoka katika Mbuga ya Nairobi kutafuta malisho. Sensa ya 2009 iliwahesabu wakazi 687,312 katika Kajiado. Ya 2019 ikawahesabu 1,117,840. Kwa anayetazama kutoka juu, nafasi iliyokuwa wazi imejazwa. Kwa mfugaji, haikuwa wazi hata siku moja.

Nguu za Jadi ya Clara Momanyi inaitazama ardhi kutoka chini. Makazi ya Matango yanapoteketea, msomaji yuko pamoja na Mangwasha, na anayaona majivu kama nyumba ya mtu. Swali la kumwuliza mwanafunzi baada ya mchezo wowote wa mkakati ni hili: ni nani aliyeishi hapa kabla ya mimi kujenga kambi, na kwa nini ramani haimwonyeshi?

Matumizi darasani

Ni muhimu mtahiniwa atambue mipaka. Katika karatasi ya Fasihi ya KCSE, mifano itolewe katika vitabu teule. Jibu linalomtaja Raynor mahali pa Sudi halitapata alama. Mchezo ni ngazi ya kupandia dhana, na ngazi haibebwi hadi chumba cha mtihani. Mwalimu anaweza kuitumia ngazi hiyo kwa mazoezi kama haya:

1. Eleza kinaya kwa kutumia hadithi ya mchezo wowote unaoujua, kisha utoe mifano miwili ya kinaya kutoka kwa tamthilia teule.

2. Chagua mhusika wa Nguu za Jadi aliye katika njia panda. Fafanua gharama ya kila njia. Je, mwandishi amemrahisishia?

3. Andika upya ukurasa mmoja wa riwaya teule kwa usimulizi wa nafsi ya pili, kisha ueleze kilichopotea na kilichopatikana.

4. Tunga muhtasari wa kampeni ya operesheni tano inayotendeka Kajiado, ambamo angalau ushindi mmoja ni hasara.

Zoezi la nne si ndoto. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa The Adventures of Nyangi, na mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games ikatoa Nairobi X, ambamo wavamizi wa kutoka anga za juu wanaishambulia Nairobi. Ufundi upo. Kinachohitajika ni watunzi wanaoijua lugha na wanaojua kwamba mhusika asiyekosea hana la kumfunza mtu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kampeni ya mchezo wa mkakati ina msuko, taharuki, kinaya na usimulizi wa pekee wa nafsi ya pili. Tumeonyesha pia kwamba uhuru inaomwahidi mchezaji ni finyu kuliko unavyoonekana: anaamua jinsi ya kupigana, na ni nadra alipie uamuzi wake wa haki na batili. Mwanafunzi aliyekaa saa nyingi kibandani tayari anajua mengi kuhusu hadithi, ingawa hajapewa istilahi za kuyasemea. Kumpa istilahi hizo ni kazi yetu. Akishazipata, ataligundua mwenyewe lile ambalo vitisho vyetu havikuwahi kumfunza: kwamba baadhi ya hadithi humtii msomaji wake, na nyingine humbadilisha.